Tembo wa Nchi ya Baridi

Nikutegee: chungu kimoja, wapishi wametawanyika dunia nzima, hawajaonana hata siku moja, na mchuzi unaiva. Nini hicho? Usinipe mji bado. Sikiliza kwanza.

Hiral alipiga meza kwa kiganja. Kioo cha kompyuta kilikuwa kimejaa maandishi mekundu.

"Imekataa tena?" aliuliza baba yake, Lalit, huku akipima kitenge.

"Imekataa, Baba."

"Na saa sita..."

"Najua, Baba. Kariakoo nzima inajua."

Ilijua kweli. Wiki iliyopita, mbele ya wafanyabiashara wenzake, Lalit alitamka kwamba programu ya binti yake isipofanya kazi kufikia Jumamosi adhuhuri, kompyuta inatoka na meza inarudi kwa majora ya vitenge. Na neno la Lalit likishatoka mbele ya watu, hata mwenyewe halirudishi.

Programu yenyewe ilikuwa ya kuhesabu nguo za dukani, inakaa kwenye mfumo wa kompyuta uitwao Linux. Wengine hungoja kifurushi cha programu kilichokwisha kufungwa. Hiral hangoji. Kila asubuhi alichota msimbo, yale maneno yanayoiamuru kompyuta, moja kwa moja kutoka ghala la mtandaoni. Huko kila aliyekaribishwa hurekebisha anapoweza na kuacha jina lake. Kisha Hiral anafunga kifurushi mwenyewe. Ni kama kuchuma mchicha bustanini badala ya kungoja wa sokoni: mbichi, mtamu, ila ukiwa na mdudu, unakuwa wa kwanza kumtafuna.

Leo mdudu alikuwamo. Jana Hiral alipanga upya hesabu za mita, na sasa kifurushi hakifungiki.

Tegemeo lake lilikuwa mpishi mmoja wa mbali, anajiita Tembo. Hiral alimwazia yuko Ulaya, kavaa koti zito. Lakini mtu huyo! Ndiye aliyeifundisha programu kwamba doti ya kanga ni vipande viwili. "Wazungu wanasoma jamani," Hiral alijisemea. Juzi alimwandikia: "Huko uliko kuna baridi sana?" Tembo, ambaye hujibu kila kitu, hilo hakulijibu.

Akaingia Sadalla, muuza kanga wa jirani.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, binti. Lalitbhai, nimekuja kusaidia kubeba meza!"

"Saa sita bado," alisema Lalit. Akainama nyuma ya binti yake, akayatazama yale maandishi mekundu kwa kitambo. "Mimi haya siyaelewi." Akachukua sweta lake kwenye msumari. "Natoka kidogo, nipo kwa Paras, pale kwenye duka la intaneti."

"Sweta, na joto hili la Februari?" Sadalla akacheka. "Sema unakimbia usione meza ikitoka!"

"Nina mafua."

Hiral hakuwasikia. Alikuwa anaandika: "Tembo, nisaidie. Ikifika saa sita napoteza kila kitu."

Akachota tena kutoka ghalani. Hakuna kitu. Adhana ya adhuhuri haikuwa mbali. Sadalla alikwisha kushika pembe moja ya meza.

"Subiri, Mjomba! Mara ya mwisho."

Akachota. Jina la Tembo lilikuwa pale, na mstari mmoja umebadilishwa. Akafunga kifurushi, safari hii bila hata neno moja jekundu. Akakifungua.

"Kanga doti kumi," Sadalla akamjaribu, "nimeuza kipande kimoja."

Kioo kikajibu: doti tisa na kipande kimoja.

"Loo! Hata mke wangu hanihesabii hivi!"

Lalit aliingia akipiga chafya. Akaangalia kioo, akaangalia saa.

"Meza inabaki," alisema.

Hiral akamrukia shingoni. "Ni Tembo, Baba! Sijui nimshukuruje. Na hata kaswali kangu kadogo hajanijibu."

Lalit akavua sweta, akalitundika kwenye msumari.

"Baridi mno, mwanangu," alisema. "Yule Paras hazimi kiyoyozi chake."