Muhogo wa Kilimani

Haya, tegeni masikio! Fisi na kundi lake waliwafukuza wanyama wa Kilimani, wakawatupa ng'ambo ya mto. Huko ugenini Ngiri akawa wa kulia tu, kutwa kucha. Nungunungu yeye akalima muhogo.

"We dada," Ngiri akamfokea, "umeshasahau kwetu? Anayelima huku harudi!"

Neno hilo lilimchoma Nungunungu, lakini akainama, akaendelea kupalilia.

Siku moja Mbayuwayu akashuka kama mshale. "Fisi wamehama! Rudini kwenu!"

Weee! Vigelegele, vumbi, mbio! Wakavuka mto wakiimba. Kufika Kilimani, lo! Mashamba yote yamefukuliwa, haukubaki hata mzizi mmoja. Ngiri akajitupa chini, akaangua kilio upya.

Nungunungu akajikung'uta. Kutoka kwenye miiba yake vikaanguka vijiti vya muhogo, vibichi, tele!

"Mbegu ya hapa hapa hii, kaka," akasema, moyo ukimdunda kwa furaha. "Niliondoka nayo siku tuliyofukuzwa. Nisingeilima kule, ingekauka. Haya, chimba! Na hayo machozi usiyapoteze, mwagilia!"