Mpira Ulioganda Hewani

Ukumbi wa hospitali ulifurika kama nyumba ya harusi, kila mtu na simu yake kwenye mtandao wa hospitali, macho yote kwenye fainali. Penalti ilipopigwa tu, mpira ukaganda hewani katika simu zote kwa mpigo.

"Nani kakata mtandao?" Shomari akafoka. Mkewe ndiyo kwanza ameingizwa chumba cha upasuaji kujifungua, na mpira ndio uliokuwa ukimshikilia akili.

Chausiku, fundi wa mtandao wa hospitali, alisimama mlangoni akilizuia tabasamu. Mwezi mzima wenzake walimtania kwa ile amri moja aliyoipa mitambo yote: upasuaji ukianza, wengine wote mtandaoni wapishe. "Wewe ndiye utakayeifunza mashine adabu?" Walishasahau siku ile picha ya daktari bingwa, anayewaelekeza madaktari wao kwa video kutoka mji wa mbali, ilipokatika mgonjwa akiwa ameshapasuliwa mezani.

Leo hakuna aliyegusa kitu. Mitambo imepisha yenyewe.

"Shemeji, hakuna aliyekata," akamwambia Shomari. "Mpira umempisha mkeo. Bingwa anamwona huko ndani kama tunavyoonana mimi na wewe."

Shomari akaitazama simu, akautazama mlango, akaketi taratibu. "Basi kaa hukohuko juu," akauambia mpira.

Habari ikapita kwa minong'ono benchi hadi benchi, ukumbi ukanyamaza. Kisha, nyuma ya mlango, mtoto akalia. Watu wakainuka kwa vifijo na vigelegele kama goli limeingia, na mpira bado uko hewani.