Sindano Namba Saba

Tundu la saba lilikuwa tupu.

Bi Verlene Stroud alisimama mbele ya sanduku la vifaa, mikono yenye glavu ikining'inia. Lilikuwa la sindano kumi na mbili zilizopinda, kila moja na tundu lake kwenye sponji. Asubuhi zilikuwa kumi na mbili. Sasa zilikuwa kumi na moja.

"Nimepoteza sindano," alisema. Hakupaza sauti, lakini ukumbi mzima ulimgeukia.

Nyuma yake kilisimama chumba cha kituo cha anga, cha kitambaa kizito, kimekunjwa na kukazwa mikanda kama robota la pamba. Kikishafika juu kingejazwa hewa, kiwe nyumba ya watu wanne kwa miezi sita. Lakini kwanza kilipaswa kuingia ndani ya ganda la kichwa cha roketi, na ganda hilo lilikuwa lifungwe kesho asubuhi.

Wiki nzima iliyopita kilikuwa kimekataa kuingia. Kilizidi upana kwa vidole vitatu. Mkurugenzi Haskins akaagiza mikanda ikazwe zaidi, ikakazwa, na Jumatatu, kwenye jaribio, kikaingia. Mashine ya kupimia ikaonyesha nafasi ya kutosha pande zote. Watu walipiga makofi, wakakata keki.

Royce Tillery, msimamizi wa wakunjaji, hakula keki. Alibonyeza mkunjo wa kona ya tatu, kisha akamwita Bi Verlene naye abonyeze.

"Unauonaje?"

"Mgumu. Tyubu ya ndani, ya kushika hewa, imebanwa na pete ya chuma ya kiunzi. Mimi nisingelala humo, Royce."

Royce alilipeleka jambo hilo kwa Haskins. Haskins akamwonyesha namba kwenye skrini ya mashine.

"Vidole vya fundi cherehani siwezi kuviandika kwenye ripoti. Una kipimo? Huna. Basi kanywe kahawa."

Hiyo ilikuwa juzi. Leo ilikuwa sindano, na sindano ilikuwa na sheria yake. Kifaa kikipotea, kila kilichokunjwa hufunguliwa, na hakuna mkurugenzi anayeweza kutia saini ya kuiruka sheria hiyo. Aliyekipoteza hukabidhi kitambulisho chake na kuacha kazi siku hiyohiyo. Kwa miaka thelathini na mmoja Bi Verlene alikuwa ameshona miavuli ya kutua kutoka angani na mavazi ya wanaanga, na hakuwahi kupoteza hata pini. Alikuwa amebakiza miezi mitano astaafu.

Haskins alifika akihema.

"Bi Verlene, fikiri vizuri. Pengine umeiacha chooni? Kwenye gari?"

"Niliitumia kwenye mshono wa mlangoni, bosi. Nikaiweka mezani."

"Tukikifungua, roketi inaondoka bila sisi. Zamu nyingine ni baada ya miezi minane. Unalielewa hilo?"

"Nalielewa. Tundu liko tupu."

Dewey, fundi wa mikanda, alijaribu kupoza mambo. "Mimi hupoteza funguo za gari nikiwa nimezishika mkononi, na hakuna anayenifukuza."

"Wewe tunakuvumilia tu," mtu alimjibu. Hakuna aliyecheka.

Royce alikuwa amesimama pembeni, uso umempauka. Aliposema, alisema kwa mkato.

"Legezeni mikanda. Anzeni kona ya tatu."

"Kona ya tatu?" Dewey alishangaa. "Si alikuwa akishona mlangoni?"

"Sindano huteleza, Dewey. Kona ya tatu."

Bi Verlene ndiye aliyepiga magoti wa kwanza. Alipitisha sumaku kwenye kila mkunjo, taratibu, kama mtu anayempapasa mgonjwa. Wenzake walimwonea huruma. Wawili walimsihi apumzike, akakataa.

Saa kumi jioni walifika kwenye tyubu. Dewey aliingiza tochi, akaingiza na kichwa.

"Bosi," aliita. "Njoo utazame hapa."

Pale pete ya chuma ilipoegemea, tyubu ilikuwa imechanika. Mpasuko ulikuwa na urefu wa kiganja, na kingo zake zilikuwa nyeupe. Haskins alichuchumaa, akaugusa kwa kidole kimoja. Aliuacha, akaugusa tena. Hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba watu wanne walikuwa walale upande wa pili wa mpasuko ule.

Sindano haikuonekana.

Haskins aliwapigia simu watu wa roketi, akawaambia waondoke bila wao. Kisha akamwita Bi Verlene kando. Sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Bahati yako mbaya imetuokoa sote. Lakini sheria ni sheria. Nikiiacha leo, kesho kila mtu atapoteza kitu."

"Najua, bosi." Alikivua kitambulisho shingoni, akaikunja kamba yake vizuri kabla ya kumpa.

Royce alimbebea boksi lake mpaka nje. Kikombe, picha ya wajukuu, mto wa kiti. Mvua ya alasiri ilikuwa imekatika na lami ilikuwa ikifuka mvuke. Aliliweka boksi kwenye gari, akabaki ameshika mlango.

"Bi Verlene," alianza. "Kuna jambo..."

Alitazama viatu vyake. Bi Verlene aliingia, akaufunga mlango, akawasha gari na kuteremsha kioo.

"Siku nyingine, Royce," alisema, "ukitaka kuchomeka sindano yangu kwenye ukosi wa shati lako, ngoja kwanza nikupe mgongo."