Fungu la Tatu

Riwaya ile ya vizazi vinne ilikuwa nene kama tofali, na mji mzima ulikuwa ukiigombania. Basi wanawake waliokuwa wakishona kofia barazani kwa Somoe waliipasua mafungu manne, kila mmoja akachukua lake. Ndiyo maana ugomvi haukuwaishia.

"Bibi yule wa kitabuni ana huruma, jamani," alisema Somoe, mwenye fungu la kwanza, ambamo bibi bado ni bi harusi.

"Huruma gani? Kamfungia bintiye mlango, na mvua inanyesha!" Riziki, mwenye la pili, akaja juu.

Mwanamkuu, mwenye la nne, aliendelea kushona. Fungu la tatu lilikuwa kwa Mkejina, jirani wa ng'ambo ya njia, naye walimzika Ijumaa.

Mara akaja Asumini, binti ambaye Mkejina alimfukuza na hakumwita tena hadi anakata roho. Mkono mmoja ameshika ufunguo wa nyumba ya mamake, wa pili fungu la tatu.

"Lilikuwa chini ya mto wake. Linaishia bibi ameinuka, kashika komeo. Mama mdogo, alifungua?" akamwuliza Mwanamkuu.

Fungu la Mwanamkuu lilianza na majirani wakiuvunja mlango ule, wamtoe bibi akazikwe.

"Sijafika huko, mwanangu," akasema, akalikalia fungu lake.

Alipoinua macho, ng'ambo ya njia, nyuma ya Asumini aliyeubana ufunguo kiganjani, mlango wa Mkejina ulikuwa wazi, kama binti alivyouacha.