Watoto Wawili wa Qurum

Mjinga wa siku ile alikuwa Hatem mwenyewe, na mpaka leo hakatai. Anachokataa ni kusimulia alivyoupiga bega mlango wa stoo ya watu, kama askari wa kwenye televisheni. Basi tutasimulia sisi.

Kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba akipima umasikini wa watoto, mtaa baada ya mtaa, Maskati nzima. Jana mtoto kala mara ngapi? Viatu anavyo? Analala juu ya nini? Asubuhi alikuwa Qantab, kwa wavuvi, akajaza karatasi mpaka kidole kikamuuma. Adhuhuri akapelekwa Qurum, kwenye majumba ya matajiri yenye bustani, akalete sifuri.

"Huko utakunywa kahawa tu," msimamizi wake, Rawya, alimtania. "Lakini sheria ni ile ile. Ukiambiwa mtoto yupo, huondoki mpaka umemwona kwa macho yako."

Nyumba ya tano ilikuwa ya Bi Mahbuba, mtu mzima aliyezaliwa Unguja. Alimkaribisha, akamtilia kahawa kwa mkono wake, akamsogezea sahani ya halua.

"Watoto hatuna, mwanangu. Nnakaa na Badr, mwanangu wa mwisho, na yeye kasafiri jana kenda Salala. Haya, kula. Kiswahili chako cha kwetu. Wewe wa kina nani huko Unguja?"

Hatem akaandika sifuri, akatia kipande cha halua kinywani. Ndipo aliposikia mtoto analia.

Kilio kilitoka nyuma ya jiko. Kilikuwa chembamba, kimekauka, cha mtoto aliyekwisha kulia sana na sasa anamalizia tu. Kisha sauti: "Mama! Tufungulie!"

Bi Mahbuba hata hakugeuza shingo.

"Isikushughulishe. Kila siku ndiyo hivyo. Nimemwambia Mwanamvua apunguze sauti, wageni wanasikia."

Mwanamvua, mfanyakazi wa ndani kutoka Tanzania bara, alikuwa ndiyo kwanza anaingia na sinia la tende. Macho yake yalikuwa mekundu. Aliweka sinia, asiondoke.

"Kaka, nimesikia unaandika watoto masikini."

"Ndiyo, dada."

"Niandikie wawili."

"Mwanamvua!" Bi Mahbuba alisema. "Mwache mgeni ale."

"Wawili wa nani?" Hatem aliuliza.

"Wangu."

Hatem akaikata ile sifuri. Nje jua lilikuwa la kukaanga yai juu ya gari. Ndani kiyoyozi kilikuwa kinapuliza mpaka mapazia yanatetemeka.

"Jana walikula mara ngapi?"

"Mara moja. Uji, asubuhi."

"Na leo?"

"Bado."

"Viatu?"

"Ndara jozi moja. Wanapokezana."

"Nani kawafungia?"

"Mwenye ufunguo. Katoka tangu jana, na simu hapokei."

Jana. Badr. Salala. Mambo yakajipanga kichwani mwa Hatem kama shanga kwenye uzi. Akaiweka kalamu chini taratibu.

"Bi Mahbuba, wewe haya unayajua?"

"Nnayajua. Nnawasikia, na moyo unaniuma, wallahi. Lakini nifanye nini miye? Ufunguo sinao."

"Na umekaa unakula halua!"

"Khaa! Na wewe hicho ulichokitia shavuni ni nini?"

Ilikuwa kweli. Hatem akakimeza kipande kizima, kikamkwama, akamalizia na kahawa ya moto iliyomuunguza ulimi.

"Nitawapigia polisi," alisema, maneno yakimtoka kwa kithembe.

"Wapigie," Bi Mahbuba akajibu kwa upole. "Waje wafanye nini, maskini?"

Hapo ndipo nywele zilipomsimama. Ameshaona wakali, ameshaona waongo, hata wale wanaokuachia mbwa. Lakini mtu anayewaacha watoto wamefungiwa na njaa kisha akawahurumia polisi, huyo hajawahi kumwona.

Akainuka. Akapita jikoni mbio mbio. Mwishoni kulikuwa na mlango wa stoo umeegeshwa, na nyuma yake ile sauti, sasa iko karibu kabisa: "Mama, maji yamekwisha."

"Ngoja, kaka," Mwanamvua aliita nyuma yake. "Kaka, subiri kwanza!"

Hakusubiri. Alirudi hatua mbili, akaupiga mlango bega kwa nguvu zake zote. Mlango haukuwa na kufuli wala komeo. Hatem akapaa, akaangukia kifudifudi juu ya magunia ya mchele.

Alipoinua uso aliona ndoo za deki, godoro jembamba la Mwanamvua, nguo zake kwenye msumari. Hapakuwa na mtoto. Juu ya gunia, simu ilikuwa imeegemezwa kwenye kopo la samli. Kwenye kioo chake, msichana wa miaka sita hivi alikuwa anamtazama, na nyuma yake kivulana kinautikisa mlango wa mbao.

"Mama," msichana aliuliza, "huyo anko ana ufunguo?"

Hatem akanyanyuka, akajipangusa mchele kwenye kanzu.

"Wako wapi hawa?"

"Korogwe. Kwa shangazi yao, ndiye mwenye ufunguo."

Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na mtu akishikwa na aibu hukimbilia sheria. Akazikusanya karatasi zake.

"Mimi nahesabu wa Maskati, dada yangu. Hawa si watoto wa nyumba hii."

Mwanamvua alikuwa ameshaichukua simu, anakifuta kioo kwa ncha ya mtandio, polepole, kama mtu anayemfuta mtoto uso.

"Kweli, kaka," alisema. "Nyumba hii imechukua mama yao tu."