Treni ya Mtu Mmoja

Mwajabu alisimama mlangoni na sufuria aliyokuwa akiisugua, akimwangalia mumewe, Kibwana, akiegemeza simu dirishani ili kompyuta ipate mtandao.

"Baba Salma, gemu hiyo si unacheza peke yako?"

"Peke yangu."

"Sasa mtandaoni unamtafuta nani?"

"Walioitengeneza. Lazima wahakikishe kwamba ni yangu."

"Kwani hukuinunua?"

"Niliinunua."

"Na bado unawaomba ruhusa kila siku? Mimi sufuria hii nimeinunua, nikitaka kupika simpigii simu mwenye duka. Niambie tu, mwanamke huyo anaitwa nani?"

Kibwana akairudia gemu yake. Kwenye kompyuta, treni yake ilikuwa imeanza kupanda mlima.

"Zima huo mtandao," Mwajabu akasema. "Endesha nikuone."

Akauzima. Treni ikasimama katikati ya daraja, moshi wake ukaganda angani, na maandishi yakatokea: "Hatukutambui."

Kibwana akamgeukia mkewe kwa uso wa mtu aliyefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe.

Mwajabu akaitazama ile treni kwa muda mrefu. Kisha polepole akaigeuza sufuria yake, akaanza kukikagua kitako, kuona kama nacho kina maandishi.