Aliyefuta Akaunti

Kwa siku tatu, tableti za wauguzi wa kliniki zote, kuanzia Bisil hadi Magadi, zilikataa kuingia kwenye mtandao. Kila moja iliomba cheti kipya cha usalama, na seva iliyoko Kitengela haikutoa hata kimoja. Meneja alisema ni hujuma. Munguti, fundi aliyefutwa kazi Ijumaa, akakamatwa na kufungiwa seli Kajiado.

Nelima, msaidizi wa Munguti, ndiye aliyepata chanzo. Seva iliunganishwa na mfumo wa tableti kwa akaunti ya Munguti, na akaunti hiyo ilikuwa imefutwa. Kumbukumbu ya seva ilionyesha lini: Ijumaa, saa kumi jioni. Aliyefuta: Nelima.

Alikumbuka. Ijumaa hiyo meneja alikuwa amesimama nyuma yake akisema, "Toa huyo mtu kabisa." Naye akabonyeza bila kuuliza.

Aliunganisha seva kwa akaunti nyingine. Punde muuguzi wa Bisil akapiga simu. "Imeingia, dada! Mungu akubariki."

Meneja akaja, akasoma kumbukumbu ile kwenye skrini. "Nani mwingine ameona hii?"

"Mimi tu."

"Basi ifute. Uko na kazi nzuri hapa."

Nelima akashika mausi. Mtu aliyemfundisha kazi hii alikuwa bado analala kwenye sakafu ya seli.

Akabonyeza. Printa ikaanza kunguruma.

"Unafanya nini?"

Meneja akauchomoa waya wa printa ukutani. Nelima akaivuta karatasi iliyokwama, akaikunja, akauchukua mkoba wake.

"Naenda Kajiado," alisema. "Nikajishtaki."